Bakapu ya Mwezi wa Tatu

Kanyiva Munyao alikaa masjala miaka thelathini na moja, katika ofisi moja ya serikali mjini Wote, na katika miaka hiyo yote hakutupa karatasi hata moja. Wakubwa walikuja wakaenda, wengine wakiwa na pingu. Kila wapelelezi walipofika kuuliza faili fulani, mkubwa alisema imepotea, na Kanyiva akaitoa nyuma ya kabati pamoja na nakala zake mbili. Ndiyo maana hakupandishwa cheo. Siku ya kustaafu walimpa saa ya ukutani na mwavuli, wakapiga makofi kupita kiasi.

Alirudi Nunguni kwa mumewe, Munyao, mfuga nyuki asiye na maneno mengi, akaihamishia ile masjala chumbani. Kadi za kliniki za watoto ambao sasa wana vipara. Kadi za harusi za watu walioachana zamani. Mwongozo wa redio iliyoibiwa.

"Siku moja utaulizwa," alikuwa akimwambia mumewe.

Munyao hakuwahi kuulizwa.

Mimi ni jirani yao, kwa hivyo haya mengine niliyaona na mengine nilisimuliwa na Kanyiva mwenyewe, ambaye akikusimulia jambo anakuonyesha na ushahidi.

Alipanda avokado, zikakubali. Mnunuzi wake alikuwa Kagure, mama mmoja aliyehamia Malili kutoka Murang'a, mwenye kibanda cha matunda kando ya barabara kuu ya Mombasa na duka dogo la chakula cha kuku nyuma yake. Avokado zilikuwa zikiteremka, chakula cha kuku kikipanda, mara tatu au nne kwa wiki. Kila mara mmoja alimtumia mwenzake pesa kwa simu, na kila mara ada ikakatwa. Kanyiva aliichukia ile ada kuliko dhambi. Dhambi, alisema, angalau unaifaidi kidogo kabla ya kuilipia.

Basi mwaka juzi akaja mtaalamu wa kompyuta kutoka Thika, jina lake Thuo, kufanya semina ya bitcoin, ile pesa ya mtandaoni, kwenye ukumbi wa kanisa. Watu walijaa. Nami nilikwenda, kwa sababu ya mandazi. Kanyiva alimwita Kagure apande kutoka Malili, wakakaa mbele kabisa, na mandazi yalipokwisha na ukumbi kubaki mtupu, walikuwa bado wamekaa.

Thuo alieleza hivi. Watu wawili wanaofanya biashara kila siku wanaweza kufungua kitu kinachoitwa chaneli. Wanaweka pesa kwenye sanduku moja ambalo hakuna anayeweza kulifungua peke yake kwa hila. Mmoja akimlipa mwenzake, sanduku haliguswi. Wanasaini tu karatasi mpya inayosema nani ana ngapi ndani. Karatasi hizo si za kushika mkononi. Zinakaa ndani ya databesi ya kompyuta ndogo, ile wanayoiita nodi, na kila mmoja ana yake nyumbani. Kulipa mara mia kwa siku ni bure, au karibu na bure.

Kanyiva aliinua mkono. "Na zile karatasi za zamani mnaweka faili gani?"

"Za zamani hazina kazi, mama. Ni sumu. Mkisaini mpya, mnapeana ufunguo wa kuiua ile iliyotangulia. Mtu akijaribu kufunga chaneli kwa karatasi ya zamani, nodi ya mwenzake inachukua sanduku lote. Si nusu. Lote."

"Huo ni uzembe," Kanyiva alimnong'oneza Kagure. "Ofisi gani hiyo isiyoweka kumbukumbu?"

Lakini ada ilimuuma. Wakafungua chaneli, yeye na Kagure. Nodi ya Kanyiva ilikaa juu ya kabati la vyombo, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama televisheni ya mkwe. Mwaka mzima ilifanya kazi bila shida. Na kila mwisho wa mwezi, kwa kuwa hakuna mtu wa Thika atakayemfundisha Kanyiva kazi ya masjala, alinakili databesi yote kwenye flashi, iwe bakapu, nakala ya dharura, akaibandika jina la mwezi, akaitia kwenye mkebe wa biskuti.

Mwezi wa tano mwaka huu mvua ilinyesha wiki nzima. Stima ilipotea Nunguni siku mbili, kisha ikarudi kwa kishindo, ikaua taa tatu, pasi ya Munyao, na diski ya nodi.

Kanyiva hakutetereka. Nilimkuta jikoni akiwa mtulivu kama daktari wa meno. Alifungua mkebe wa biskuti akatafuta flashi ya mwezi wa nne.

"Munyao! Flashi ya Aprili iko wapi?"

"Ile niliyoweka nyimbo za kwaya?"

Sitaandika alichojibiwa. Ikabaki ya mwezi wa tatu. Alinunua diski mpya kwa fundi wa simu, akapakia ile bakapu, na nodi ikaamka ikiamini kwamba bado ni Machi. Ikaitafuta nodi ya Kagure. Kimya. Kanyiva akapiga simu: mteja hapatikani. Akapiga tena jioni, hapatikani. Asubuhi iliyofuata, bado.

Sasa, miaka thelathini na moja ya masjala inamfundisha mtu jambo moja: anayezima simu akiwa na pesa zako amekwisha kuvuka mpaka wa Namanga.

"Ametoroka," Kanyiva alisema.

"Labda hana stima," Munyao alisema.

"Wewe nyamaza, mwanakwaya."

Kwenye kompyuta kulikuwa na kitufe cha kufunga chaneli kwa nguvu, bila kungoja mwenzako akubali. Akakibonyeza. Kompyuta ikamuuliza kama ana hakika, ikamwonya kwa maandishi mekundu. "Mimi ndiye mwenye faili," aliiambia, akabonyeza tena. Ilikuwa saa tatu unusu asubuhi. Kufika saa nne, karatasi ya Machi ilikuwa imeandikwa kwenye daftari kuu la bitcoin, lile ambalo dunia nzima inalisoma na hakuna anayeweza kulifuta.

Akampigia Thuo ampashe habari. Alikusudia kumtambia.

"Diski imeungua," alisema, "lakini mimi nilikuwa na bakapu. Mlituambia hazina kazi! Nimepakia ya mwezi wa tatu na nimefunga chaneli."

Upande wa pili redio ikazimwa.

"Mama," Thuo alisema, "umefunga kwa karatasi ya Machi?"

"Ndiyo."

"Na baada ya Machi mmelipana?"

"Kila wiki. Avokado zote nimeuza baada ya Pasaka."

"Kwa hivyo katika hiyo ya Machi hisa yako ni ndogo kuliko ya sasa."

"Ndogo sana."

"Basi umejiibia, mama. Na hiyo si mbaya. Mbaya ni kwamba nodi ya Kagure haiulizi ni nani ameibiwa. Ikiwaka tu iione ile karatasi ya zamani, inachukua sanduku lote."

"Hata kama nimejiibia mwenyewe?"

"Hata kama."

"Hiyo ni sheria ya nani?"

"Ya hesabu, mama."

"Haina mkubwa wake nimpigie?"

Haikuwa naye. Thuo alimweleza mengine polepole, na Kanyiva aliyasikiliza akiwa amekaa juu ya kreti. Kama angengoja tu, Kagure angewasha nodi yake, hiyo ingeiambia ya Kanyiva kwamba imepitwa na wakati, na Kagure angefunga chaneli kwa karatasi ya mwisho. Kila mtu angepata chake. Sasa njia ilikuwa moja: nodi ya Kagure isiwake mpaka kesho saa nne. Muda huo ukipita, adhabu haiwezekani tena, na Kanyiva atapata angalau kile kidogo cha Machi.

"Kwa hivyo niende nimwombe asiwashe," Kanyiva alisema.

"Ndiyo. Lakini, mama, mwizi wa kweli naye angeomba hivyo hivyo."

Munyao alitoa pikipiki bila kuulizwa. Nilimwona Kanyiva akipanda nyuma na koti lake la kazini, lile la kufika mbele ya tume za uchunguzi. Walishuka milima hadi barabara kuu, wakafika Malili saa sita mchana.

Kagure alikuwepo. Hakuwa amevuka Namanga. Alikuwa amekaa kibandani akimenya njegere, na transfoma ya mtaa ilikuwa imeungua tangu Jumatatu. Simu yake ilikuwa imezimika. Nodi ilikuwa imezimika. Alifurahi kumwona Kanyiva kiasi cha kumwagia Munyao njegere miguuni.

"Mama! Umekuja mwenyewe! Kuna msiba?"

Kanyiva alikuwa amepanga uongo tangu walipopita Kilome. Uongo mzuri, wenye diski na radi ndani yake. Lakini Kagure akamvutia stuli, akamfutia vumbi kwa kanga yake, na ule uongo ukakataa kutoka. Akasema mambo yalivyokuwa: flashi, Machi, kile kitufe.

Kagure aliacha kumenya. "Na sasa unataka nisiwashe."

"Mpaka kesho saa nne."

"Thuo alisema nini kwenye semina? Mtu akikuomba usiwashe, huyo ndiye mwizi."

"Alisema."

"Sasa mimi nifanye nini, mama?"

Munyao anasema mkewe alichukua njegere moja akaimenya.

"Ningekuwa wewe," Kanyiva alisema, "ningewasha."

Kagure hakungoja aambiwe mara ya pili. Alibeba nodi yake kwapani, akaenda nayo hadi kwa jirani fundi wa kuchomelea mageti, mwenye jenereta, na Kanyiva akamfuata nyuma kama mtu anayesindikiza jeneza lake mwenyewe. Jenereta ikanguruma. Nodi ikawaka taa ya kijani, ikahangaika kusoma yaliyotokea wakati imelala, na baada ya dakika kama ishirini ikaiona karatasi ya Machi. Haikupiga kelele. Iliandika mstari mmoja tu, na sanduku lote likawa la Kagure. Msimu mzima wa avokado.

Kanyiva aliutazama ule mstari. Alikuwa ameshika mkoba kwa mikono miwili.

Kagure yeye aliendelea kusoma. Databesi yake haikuwa imeungua, kwa hivyo karatasi ya mwisho waliyosaini ilikuwa humo, nzima. Alisoma hisa ya Kanyiva ya Machi. Akasoma ya mwisho. Akarudia. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka fundi akazima mashine na kuvua miwani yake kuona nani amekufa.

"Mama! Ile ya mwisho ni mara tatu ya hii! Umekuja kuniibia na umejipunja!"

"Si nilikwambia?"

"Uliniambia, lakini nani angeamini? Mimi hata wezi wa Mombasa Road sijaona mmoja mjinga hivi." Akafuta machozi. "Chako nitakurudishia. Kesho. Leo acha nilale tajiri."

Hapo mtu mwenye akili angeshukuru na kupanda pikipiki. Lakini Kanyiva, akishaanza kutoa faili, huitoa yote.

"Kuna lingine, Kagure. Nilifunga kwa sababu nilidhani umetoroka."

Kicheko kikaisha. Fundi akavaa miwani yake tena, ingawa hakuwa na cha kuchomelea.

"Nimekaa Malili miaka kumi na sita," Kagure alisema. "Watoto wangu wamesomea hapa. Nitoroke niende wapi? Na kuku mia mbili?"

"Nilikosea."

"Unajua tulipokuja watu walisema nini hapa? Hawa wa kutoka Murang'a, angalieni mifuko. Nilidhani wewe hukuwa mmoja wao."

Kanyiva alisema tu, "Nisamehe," kwa sauti ambayo Munyao anaapa hajawahi kuisikia katika ndoa ya miaka thelathini na minane, na yuko tayari kuapa tena mbele ya mchungaji.

Kagure alinyanyua nodi yake. "La pesa nimesamehe, hiyo ni mashine. Hili la kutoroka utanichinjia mbuzi. Nyumbani kwako, watu wakiona."

Kesho yake alifungua chaneli mpya kwa pesa zake, akamsukumia Kanyiva hisa yake yote ya karatasi ya mwisho. Kilichopungua ni ada ya kufunga na kufungua tu, na Kanyiva aliimeza bila neno.

Mbuzi alichinjwa Jumamosi ya pili. Kagure alipanda Nunguni akiwa amevaa sweta mbili na kofia ya sufu, akasema kwa baridi hii hapa si mahali pa kuishi watu, ni mahali pa kuhifadhi nyama. Thuo naye alikuja. Aliweka diski mbili kwenye nodi ya Kanyiva, kila karatasi mpya iandikwe kwenye zote mbili papo hapo, moja ikiungua nyingine iwe na habari ya leo, si ya Machi. Kanyiva alimhoji kwa saa nzima, naye akajibu akiwa na mbavu ya mbuzi mkononi.

Watu walipokuwa wamekusanyika, Kanyiva alisimama. Sote tulidhani ataombea chakula. Akasema, "Huyu ni Kagure. Nilimwita mwizi naye ni mwaminifu kuliko mimi. Kuleni." Akakaa. Ilikuwa hotuba fupi kuliko zote zilizowahi kutolewa Nunguni, na wazee wawili walilalamika kwamba hawakutajwa.

Jioni Kagure alikagua kreti za kwenda nazo Malili, akageuza avokado moja mkononi.

"Hizi ni ndogo."

"Ni baridi," Kanyiva alisema.

"Basi nitalipa bei ya baridi."

"Utalipa bei ya avokado."

Walibishana mpaka gari likawashwa. Kagure alilipa bei ya avokado, akadai na kichwa cha mbuzi afungiwe.