Mikato ya Mwalimu Evariste

Si kweli kwamba Evariste alifukuzwa kazi shuleni. Wanaosema hivyo sokoni Kikula hawajawahi kufungua hata ukurasa mmoja wa tovuti yake. Mjane wake, Eugénie, aliyekuwa akisahihisha Kifaransa cha kurasa hizo, anajua mambo yalivyokwenda.

Evariste alifundisha hesabu miaka thelathini na moja. Watahiniwa wa mtihani wa serikali walipokosa vitabu, aliwatengenezea tovuti. Mwanzoni aliweka picha za ubao, lakini zilimaliza mega za intaneti za wanafunzi, na kwenye simu ndogo namba za chini ya mstari hazikusomeka. Basi, akiwa na miaka hamsini na sita, akajifunza kuandika fomula kwa alama ambazo programu huzigeuza kuwa mizizi na vipeo safi kwenye simu yoyote. Siku alama ya mzizi wa kwanza ilipofunika vizuri namba zake, Eugénie alimkuta akicheka peke yake.

Kisha Jaël, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, akasimama darasani na simu mkononi.

"Monsieur, weye ulisema jibu iko moja. Hapa iko mbili."

Mwalimu alikuwa ameandika mbili na nusu kama tunavyoiandika huku, kwa mkato: 2,5. Programu, iliyozoea nukta, ikadhani mkato unatenganisha vitu viwili, ikaacha nafasi: 2, 5. Nusu ya darasa walikuwa wamejibu mbili na tano. Wengine wakanong'ona kwamba mzee amechoka.

Evariste hakuisingizia mashine; kosa alilibeba mwenyewe.

"Batoto, minye njo nilikosea. Sikuangalia."

Akaifunga tovuti siku hiyohiyo, isije ikampotosha mtu kwenye mtihani. Umbea ukazaliwa hapo: kurasa zimepotea, basi mwalimu amefukuzwa. Kumbe kila asubuhi alikuwa darasani, na kila alasiri mezani, akizungushia mkato wa kila desimali mabano ambayo programu huyaficha, ili nafasi ile ifutike. Hakuweza kubadilisha yote kwa amri moja, kwa kuwa mikato inayotenganisha x na y ilikuwa halali. Masomo arobaini na matatu, siku tisa. Eugénie alisoma kwa sauti, yeye akarekebisha.

Tovuti ikafunguliwa tena wiki tatu kabla ya mtihani. Jaël alifaulu. Evariste amekufa akiitwa mwalimu, na kurasa zake zinasomwa hadi leo.

Aliyeanzisha uongo ule, Eugénie anamjua. Jirani yake Arlette amemwuliza jina la mtu huyo mara mbili, na mara mbili amepata jibu lilelile.

"Nimesema ya mume wangu. Ya huyo, sisemi."