Vile Baba Mukwe Alinizibia Mulima wa Fizi

Ile miaka ya bukoloni ya Babeleji, barabara ya kutoka Baraka kupanda Fizi ilikuwa nyembamba mpaka nyoka ikipita inatembea upande. Halafu bakaanza kuipanua, njo ikazidi kuwa mubaya: huku banachimba mulima, huku bonde, na pembeni udongo mupya, laini kama bugali ya moto.

Motokari mbili hazikuweza kupishana. Baliweka muti wa kufunga njia kule chini, na mwingine kule juu, na kila pahali mutu na ngoma yake. Kamiyo ya muzigo ikitaka kupanda, wa chini anapiga, wa juu anaitika, anafunga muti wake, hakuna mutu kushuka mpaka ile kamiyo ifike. Ile ngoma hata mamba za ziwa Tanganyika zilikuwa zinaisikia.

Permi yangu ya kuendesha ilikuwa na siku tatu tu tangu niipate. Aliyenifundisha kuendesha ni baba mukwe mwenyewe, shofere muzee wa patro wetu, muzungu muchuuzi wa Baraka. Patro akaniambia: "Peleka chumvi Fizi. Ukifika salama, kamiyo ni yako ya kuendesha, muzee atabaki na kamionete, ile gari ndogo. Ukiiharibu, unarudia juu ya magunia." Miaka ine nilikuwa nimekaa juu ya magunia, matako yamekuwa kama mugongo wa kobe!

Baba mukwe akacheka, akaniombea baraka. "Mukwe, usikie ngoma tu. Ngoma haidanganye." Kisha akatangulia Fizi na kamionete, yeye na patro.

Kule chini nikangoja. Ngoma ikalia, ya juu ikaitika. Nikapanda polepole, konokono zinanipita zinanisalimia. Bakantonye, bale batu ba majembe, balisogea pembeni. Katikati, pale njia imebakia nusu, naona kamionete inashuka, tupu. Ndani, baba mukwe.

Nikasema pengine freni zimekatika. Hapana. Akasimama vizuri kabisa, akatoa kichwa: "Mukwe! Rudia nyuma!"

Sasa kwetu Babembe, ukikutana na baba ya bibi yako mu njia, unatoka, hata kama unaingia mu siafu. Haumutazame mu macho. Haumubishie mbele ya batu.

"Baba, niko na muzigo. Ngoma imeniita," nilisema nikitazama magoti yangu.

"Mi njo nirudie nyuma? Mbele ya hawa batu?"

Kantonye mumoja akapiga kelele: "Ee muzee, yenye tupu njo inarudi!" Mwenzake akamukatiza: "Nyamaza we, hiyo ni mambo ya bukwe."

Nikarudia nyuma. Jasho ilinitoka ya kujaza Tanganyika ya pili. Meta kumi vizuri, kisha gurudumu ya nyuma ikaingia mu udongo mupya. Kamiyo ikainama, magunia mengi yakashuka bondeni. Mpaka leo nyani za kule hazikule chakula bila chumvi.

Hapo njo baba mukwe akajua kurudia nyuma! Alipanda kinyumenyume mpaka juu, akaenda kuita patro.

Wakati nangoja, kantonye mumoja aliyeshuka kutoka kule juu akaninong'oneza: "Muzee alimwambia mutu wa ngoma: nifungulie, anayepanda ni mukwe wangu, ataniachia njia."

Patro akafika. "Ngoma ilikuita ao haikukuita?"

Baba mukwe akanitangulia, na sauti ya huruma kama ya matanga: "Patro, mutoto alikuwa na haraka. Hakusikia ngoma."

Neno lilikuwa juu ya ulimi. Lakini nimuite baba ya bibi yangu muongo, mbele ya muzungu na majembe makumi tano?

"Sikusikia, patro."

Mi! Mi mwenye kusikia samaki ikikohoa kule Kazimia, mbali ku ziwa!

Bakavuta kamiyo na kamba, baba mukwe akashika usukani, mi nikapanda juu na magunia yaliyobakia. Bibi yangu mpaka leo anasimulia batoto vile baba yake alikuwa shofere hodari, na vile baba yao hakuwa na masikio. Ananigeukia: "Si ni kweli?"

Naitika: "Ni kweli, mama."