Mama Chujio na Duara Kwenye Taa

Saa mbili asubuhi, mashine ya kukamua alizeti inanguruma. Mama Chujio anamimina mafuta kwenye glasi, anaiinua mbele ya taa, anaitazama. Yakiwa na ukungu yanarudi kwenye kitambaa cha kuchujia. Yakiwa safi anasema neno moja tu: "Yapite."

Kwa miaka kumi na tisa, hakuna dumu lililofungwa hapa kabla ya neno hilo.

Mwaka jana neno likagoma siku tatu. Kila glasi ilionyesha duara la ukungu kuzunguka taa. Aliyachuja mafuta yale yale mara nne, akalaumu mbegu, akalaumu kitambaa.

"Mama, ukiyachuja tena yatabaki maji," mwendesha mashine alimtania.

"Shughulika na mashine yako, baba."

"Basi itazame taa bila glasi."

Akaitazama. Duara lilikuwepo vile vile.

Kwenye kliniki ya macho walimwambia ni glakoma, presha ya macho. Jicho la kulia lilikuwa limeshapoteza uoni wa pembeni. Kumbe ndiyo sababu alikuwa akijikwaa kwenye madumu. Kilichopotea hakirudi, daktari alimweleza, ila matone ya kila siku yatalinda kilichobaki. Kisha akamuuliza anakula nini.

Hapo Mama Chujio akainamisha kichwa. Anashinda kwenye mafuta, lakini ilikuwa miaka tisa hajayala. Harufu ilimkinaisha, na jirani alimtisha kwamba yanaua moyo. Akawa mtu wa vya kuchemsha. Hata karanga hakugusa.

"Daktari alicheka, halafu akaacha kucheka," anasimulia.

Daktari hakusema hiyo ndiyo sababu. Alisema wapo wanaochunguza kama mwili uliokosa mafuta mema hushindwa kuyatunza macho, na jibu bado.

"Akaniambia, kula samaki, kula karanga, weka kijiko cha mafuta kwenye mboga. Lakini ukiacha matone kwa sababu ya samaki, tutagombana."

Siku hizi anamfundisha mwendesha mashine kuisoma glasi, endapo jicho la kushoto nalo litachoka. Anaomba lisichoke. Anataka kuendelea hapa mpaka mikono ndiyo iseme basi.

Mchana anafungua bakuli la mboga za kuchemsha, anachota kijiko cha mafuta, anakiinua mbele ya taa.

"Unaonaje?"

"Safi, mama," anajibu mwendesha mashine.

Anakimimina juu ya mboga. "Haya. Yapite."