Mtoto kachomwa chanjo, aliyelia ni baba

Wakuu, salamu kutoka Kabasa, Bunda. Nimefurahi mpaka nacheka peke yangu dukani, wateja wananishangaa. Haya yametokea leo asubuhi, sijaongeza chumvi.

Iko hivi. Chanjo ya kwanza, ile ya begani, mama mkwe alikuwa ameshafika kutoka Kisorya kumhudumia mzazi. Kwao mama hakai karibu mtoto akichomwa. Eti akimwona mama, anadeka.

"Wangu saba nilikuwaga natoka nje, bibi yao anawashika," alisema.

Na mimi ni nani nimbishie mama mkwe?

Mke wangu akatolewa nje. Dogo alilia mpaka sauti ikakauka. Mama yake akasikia yote akiwa mlangoni, akaapa: "Huyu hachomwi tena."

Nilidhani ni hasira za siku mbili.

Wiki ya sita ikafika, kadi ya kliniki haionekani. Nikapekua nyumba nzima, nikaikuta kwenye debe la unga wa muhogo. Hapo nikaogopa kweli. Mtoto angekosa chanjo hivi hivi.

Leo nikambembeleza mke wangu mpaka tukafika kliniki. Matone ya mdomoni yakapita salama. Zilipofika sindano za mapajani, mama mkwe akanyoosha mikono ampokee mjukuu. Mke wangu akamkumbatia mtoto, akageukia mlango.

Nesi akamuuliza, "Mama, unaenda wapi? Kaa hapa, mnyonyeshe."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Akishanyonya vizuri ndo nachoma. Na usimtoe nikimaliza."

Wakuu, sindano ya kwanza dogo aliacha ziwa, akakunja uso, akatoa "nge" moja, akarudi kazini. Ya pili alikunja vidole vya miguu tu.

Mimi sasa. Machozi yananitiririka kama namenya vitunguu.

Mama mkwe akamtazama mtoto, akanitazama mimi. "Mjukuu katulia. Huyu mkwe naye tumpe nini?"

Nesi ilibidi aweke trei chini, acheke kwanza.

(Nilimuuliza nesi, na asiyenyonya je? Akasema mpakate kifuani, ngozi kwa ngozi, umwongeleshe taratibu.)

Sisemi haumi, ile "nge" niliisikia. Ila akina baba wenzangu, msikubali mama atolewe nje. Tulikuwa tunaitoa nje dawa yenyewe, halafu tunashangaa mtoto analia.

Tulipotoka, mke wangu akaomba kadi. Akaisoma, akauliza, "Wiki ya kumi inaangukia lini?" Nikataka kulia tena.

Wazazi wa humu, nyie mlitumia mbinu gani? Na wababa mliowahi kulia kliniki jitokezeni, nisibaki peke yangu.

Ngoja niishie hapa nisikilize vizuri. Mama mkwe yuko hapa dukani kwenye simu na dada yake wa Kisorya, anamweleza kwamba hii ya kunyonyesha wakati wa sindano alikuwaga anaijua tangu zamani.