Maombi ya Mzee wa Posho

Mzee anayetusagia unga kwenye mashine ya posho hapa kijijini Kwanza ana unga mpaka kwenye kope. Mashine ikinguruma, yeye hushika mfuko kwa mkono mmoja akisikia joto la unga, midomo ikicheza. Tulidhani anaimba. Juzi stima ikapotea ghafla, sauti yake ikabaki peke yake, ya chini, ya unyonge: “Baba, ni mimi tena. Ni kuhusu yule mtoto wa Nekesa aliyelazwa hospitali ya Lugulu. Hata jana nilikusumbua. Sistahili, lakini sitanyamaza.” Alipotuona tunamtazama, akainama akijipangusa mikono. Stima iliporudi, akanyoosha mkono kwenye swichi. Nekesa, aliyekuwa nasi kwenye foleni na ambaye siku hizi hata kanisani haji, akaweka debe lake chini.

“Mzee, usiwashe bado,” akasema. “Malizia.”