Wanadai Sauti ya Bibi wa Chanzuru Ni Mali Yao

Admin, kabla ya yote nakuomba ufiche jina langu kuliko unavyoficha ya wengine. Mkimaliza kusoma mtaelewa. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na sita, nimesoma hadi chuo kikuu, sijaajiriwa, naishi na mama wilayani Kilosa. Tangu utoto napenda kusikiliza kuliko kusema, na nadhani ndiyo maana nilianzisha chaneli ya video ambayo mwenyewe sionekani. Narekodi wazee wakisimulia maisha ya zamani. Kamera naielekeza kwenye mikono yao wakipukuchua mahindi au wakisuka ukili. Sura zao siweki, majina sitaji. Wanaotazama wanaijua chaneli, mimi hawanijui.

Miezi michache iliyopita bibi mmoja aliniita shambani kwao nirekodi makaburi ya watu wake. Makaburi yale hayana saruji wala maandishi, yanajulikana kwa minyaa iliyopandwa juu yake. Bibi alikuwa anashika mnyaa mmoja, anamtaja aliyelala chini yake, anahamia mwingine. Mama yake. Kaka yake. Mtoto wake wa kwanza. Alitaka hivyo kwa sababu kuna watu walikuwa wameanza kupima eneo lile wakisema halijawahi kuwa na wenyewe.

"Mimi nikifa nani atawataja?" aliniuliza. "Wewe si una hiyo simu? Basi rekodi, acha kunitazama kama mgonjwa."

Nilipokuwa nahariri nilikata kila kitu ambacho kingemtambulisha, isipokuwa salamu. Nilikuwa nimesema shikamoo, naye akajibu, "Marahaba mjukuu wangu, karibu Chanzuru." Nilijaribu kuikata, moyo ukagoma. Niliona nikimwacha mtu mzima anaanza kusema bila kusalimiwa, watu wataniona sina adabu. Nikaiacha, na jina la kijiji likabaki humo. Kisha kwa kuwa simu ilikuwa imejaa, nikaifuta humo, ya awali na niliyohariri. Niliamini kitu kikishakuwa mtandaoni kimehifadhiwa.

Video ile ilitazamwa sana. Halafu asubuhi moja nikakuta ujumbe kwamba imeondolewa, kwa sababu kampuni fulani imelalamika kuwa video ni yao na mimi nimeiiba. Jina la kampuni hiyo sijawahi kulisikia. Nilicheka kidogo, nikampigia rafiki yangu, nitamwita Neema, ambaye anafanya kazi kwenye nyumba ya wageni Mikumi na ana chaneli yake ya video za wanyama.

"Hongera shoga, umeshakuwa staa," aliniambia. "Mimi tembo wangu hakuna hata anayetaka kuwaiba."

Nikamwambia nataka kupinga. Akaacha utani. "Sikiliza kwanza. Ukipinga, unaandika jina lako kamili na mahali unapoishi. Na vinapelekwa kwa huyo aliyelalamika."

"Hata kama ni mwongo?"

"Mfumo utajuaje kama ni mwongo? Jiulize wewe. Mtu ana shida gani na makaburi ya Chanzuru mpaka adanganye?"

Sikupinga. Nilijiambia nitulie nifikiri. Wiki iliyofuata wakaondoa video ya pili, ile ambayo bibi huyo huyo anaeleza kisima walichochimba wazazi wake. Zile nyingine zote, za wazee wengine, hawakuzigusa. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Ikiondolewa ya tatu, chaneli nzima inafungwa. Sasa nikisikia bodaboda inapunguza mwendo karibu na nyumba yetu, naacha ninachofanya mpaka ipite.

Nilikwenda kwa bibi kumweleza. Kabla sijafungua mdomo akasema amepata wageni, vijana wawili waliovaa vizuri.

"Wana heshima kweli kweli," alisema. "Shikamoo bibi, pole na kazi, wakaniletea na sukari. Wanamtafuta binti aliyenirekodi, wanasema wana zawadi yake."

"Ukawaambia nini, bibi?"

"Nikawaambia mabinti wa siku hizi wote wana simu na wote wanavaa suruali, nitamjuaje? Sukari nimechukua." Akacheka peke yake. Kisha akanishika mkono. "Lakini mwanangu, mmoja hakuwa ananisikiliza. Alikuwa anahesabu minyaa."

Nilimsimulia mama. Akasema, "Achana nayo. Mambo ya ardhi hayana mwisho mzuri. Mimi nina mtoto mmoja." Namwelewa.

Juzi bibi amenipigia kwa simu ya jirani. Minyaa yote imefyekwa na kung'olewa, na udongo umesawazishwa kama hapakuwahi kuwa na kitu. Hakulia. Aliniuliza tu, "Ile yako bado ipo? Nataka kwenda nayo baraza la ardhi." Nikamwambia ipo, bibi. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Haipo kwangu. Ipo kule ilikofungiwa, na haifunguliwi mpaka nipinge kwa jina langu na mahali ninapolala na mama yangu. Na muda niliopewa wa kupinga unaelekea kwisha.

Nikiandika, wanaomtafuta binti mwenye simu watakuwa wamempata, na nimewaelekeza mwenyewe hadi mlangoni. Nisipoandika, watu wa bibi watakuwa hawakuwahi kuzikwa pale, na bibi atakwenda kwenye baraza la ardhi akiwa na maneno matupu, mbele ya watu waliojiandaa. Nimeifungua ile fomu ya kupinga mara nyingi. Naandika herufi za mwanzo za jina langu, nazifuta.

Ndugu zangu, kama kuna mwanasheria humu, au yeyote aliyewahi kupinga madai ya namna hii bila kujitaja, naombeni aongee. Na wengine wenye wazazi na wenye makaburi, niambieni ukweli bila kunihurumia: mngekuwa mimi, mngeandika jina?