Mpaka Niliouchora Juu ya Kaburi

Wazee wetu, mama zetu, nanyi vijana wenzangu wa upimaji: leo nimemliza bibi wa watu mbele ya kijiji.

Tulikuwa Mashewa, tukiwaonyesha wanakijiji ramani ya mashamba yao niliyoichora kutokana na picha za droni.

Kila nilipoona safu ya masale, ile mimea ya majani marefu, nilichora mpaka. Huku kwetu masale ni mpaka, nani asiyejua?

Makofi yakapigwa. (Nami nikayapokea, nisiwafiche.)

Ndipo Bibi Halima akainua fimbo yake kuelekea ramani iliyokuwa ukutani.

“Mjukuu wangu, masale hayo nimeyapanda mimi. Hapo amelala binti yangu. Mbona umempa jirani?”

Jirani akasimama. “Bibi, mimi sikuomba.”

“Najua, baba. Namuuliza huyu. Hiyo ndege yenu haikumwona?”

Machozi yakamtoka kimyakimya.

Ndege iliona majani tu. Wa kwenda kwa miguu na kuuliza nilikuwa mimi, na sikwenda.

Nimeizuia ramani isitiwe saini. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi, kila aliyeshiriki kazi hii afike Mashewa. Tutaitembea mipaka yote upya, na Bibi Halima ndiye atakayetangulia.